Ndugu Hana Kontra

Habari hii nilipewa na Mama Hadidja, mke wa Papa Feruzi wa Kabondo, katika mwaka wa sabini na moja, wiki ile tuliyokaa pamoja kuchagua mchele wa ndoa ya binti wa jirani. Magunia yalikuwa manne, vijiwe vingi, na maneno ya Mama Hadidja hayakwisha. Siku ya kwanza alisimulia akicheka. Siku ya tatu hakucheka tena. Ninaandika namna alivyosema, na pale aliponyamaza sitajaza.

Feruzi alikuwa seremala, mtoto wa Assumani, wa wale watu wetu Wangwana ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki hapa. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza. Uhuru ulipokuja, Wazungu wenye mashine za mbao walifunga wakaondoka, na mbao zikakosekana mjini. Watu walioa kama zamani, walikufa kama zamani, lakini kitanda cha kulalia na sanduku la kuzikia vilingoja. Donc Feruzi akakata shauri: atapasua mbao kwa mkono, porini, njia ya Banalia.

Kupasua mbao kwa mkono ni kazi ya watu wawili wanaojuana. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia chini, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta, na unga wa mbao unamwangukia machoni mchana kutwa. Hapa Kisangani waliojua kazi ile walikuwa wamezeeka. Mtu akamwambia Feruzi kwamba kule Bangassou, ng'ambo ya mpaka, wako wenye nguvu bado. Akatuma neno kwa dereva wa lori. Miezi miwili ikapita, na katika mwaka wa sitini na mbili wakashuka wanaume wawili mbele ya nyumba yake, msumeno wao umefungwa kwa magunia kama maiti.

Mkubwa alikuwa René. Alifanya kazi kwa mapadri miaka sita, alijua kusoma, na alikuwa na mdomo. Mdogo alikuwa Zacharie, mrefu, mpole, aliyemwacha nyumbani mke wake Florentine na mimba ya miezi minne. Wote wawili waliahidiwa kitu kimoja: mwaka mmoja wa kazi, kisha kurudi kwao.

René hakungoja hata maji ya kunywa.

"Patron, kontra iko wapi?"

"Kontra gani?" Feruzi akasema. "Muko kwangu. Neno langu ndiyo kontra."

"Neno yako ni muzuri, patron. Lakini haina muhuri. Mimi bila karatasi ya kazi sipande juu ya muti."

Feruzi alicheka, lakini alikwenda. Kwenye ofisi ya kazi alimkuta karani anayeitwa Wenceslas, mtu wa Barumbu, aliyecheza naye mpira utotoni. Wenceslas alifungua kitabu akamsomea polepole, kama mtu anayesomea mgonjwa dawa. Mwenye kumleta mfanyakazi kutoka nchi nyingine amwandikishe kwa jina lake la kweli na nchi yake ya kweli. Ampeleke kwa daktari. Ampe mkataba, ile wanayoita kontra, yenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ampe mahali pa kulala, blanketi, chakula cha juma, na siku ya kupumzika. Karatasi za mtu zikae kwa mwenyewe, asizifungie sandukuni. Na siku ya kwisha ikifika, amrudishe mpaka kwao, si kumwambia aende atafute lori.

"Na akikufa?" Feruzi akauliza, kwa mzaha.

"Unarudisha nguo zake."

"Alors ni mimi ndiye natumika kwake."

"Ni weye ulimuita," Wenceslas akasema. "Hakujiita."

Kwa René peke yake mambo yalichukua miezi mitatu. Leo picha hazitoshi, kesho daktari amesafiri, kesho kutwa yule wa kutia sahihi amehamishwa na mpya hajafika. Serikali yenyewe ilikuwa inabadilika kama maji ya mto. Feruzi alikwenda mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja alipata karatasi ya René, na Wenceslas akamwuliza: "Bon. Na yule wa pili, tunaanza lini?"

Feruzi aliketi kwenye benchi akafuta jasho. Wenceslas akamhurumia, akashusha sauti.

"Ndugu ya nyumba hahitaji kontra. Mutu akisaidia kazi ya kaka yake, naandika mustari moja tu, imekwisha."

"Lakini yeye si ndugu yangu."

"Sikukuuliza. Nimekuambia sheria."

Hapa ndipo palipoharibika. Mtu mwingine angedanganya, akala, akasahau. Lakini Feruzi alikuwa mtu wa sala, na uongo wa kuandikwa ulimwogopesha kuliko uongo wa mdomo. Njia nzima alifikiri. Alipofika nyumbani alikuwa amepata dawa: kama Zacharie si ndugu, basi afanywe ndugu, na uongo utakuwa kweli kabla haujaandikwa.

Wazee wetu walikuwa na jambo la kuchanjiana. Walilifanya na wageni wa mtoni ili wafanye biashara bila kuogopana. Kila mmoja anachanjwa mkono, ini la kuku linachomwa, kipande cha huyu kinapakwa damu ya yule, wanakula, na maneno yanasemwa: atakayemkana mwenzake, tumbo limvimbe afe. Ndugu wa chale alishinda ndugu wa tumbo moja, kwa sababu wa tumbo hukumchagua. Mwalimu wa msikiti alisikia akaja mbio kusema damu ni haramu. Feruzi akamjibu: "Mwalimu, hii si damu. Hii ni karatasi."

Mama Hadidja ndiye aliyechoma lile ini. "Nilitia hata pilipili," aliniambia.

Zacharie alitokwa machozi. Alikuwa amezaliwa mwanaume peke yake kati ya madada, na sasa mtu mzima mwenye nyumba ya bati anamwita ndugu. René alikaa pembeni, kontra yake mfukoni mwa shati.

"Tangu leo mimi niko mutumishi, weye mwana wa mufalme," akasema. "Utanikumbuka?"

"Wivu," Zacharie akasema.

"Ndiyo, wivu. Niambie tu kitu moja. Kaka yako atakurudisha Bangassou siku gani?"

Zacharie akamtazama Feruzi. Feruzi alikuwa anafunga mkono wake kwa kitambaa. "Ndugu hawekewi siku," akajibu, na kila mtu pale uani aliona ni neno zuri.

Kesho yake Wenceslas aliandika mstari mmoja: Zakaria, mtoto wa Assumani, mzaliwa wa Kabondo, msaidizi wa familia. Wino ukakauka.

Mwaka ule René alilala kwenye chumba cha uani, juu ya kitanda chake, na blanketi lake. Kila Jumamosi alipimiwa mchele na samaki. Jumapili alifua nguo akaenda misa, na Feruzi alipopita karibu na mlango wake alipita kimya. Zacharie alilala ndani ya nyumba. Alikula sahani moja na Feruzi, watoto walimwita tonton, yaani baba mdogo, na Jumapili asubuhi Feruzi aligonga ukuta: "Ndugu, twende tukaangalie magogo." Nani atamkatalia kaka yake? Alishuka shimoni, akapanda paa kuziba matundu, akamtekea Hadidja maji. "Nilimpenda na nilimtumia," Mama Hadidja alisema. "Vyote viwili, kwa mkono mmoja."

Barua ilifika kwa dereva wa lori. René aliisoma kwa sauti: Florentine amezaa mtoto wa kike, wamemwita Élise, na anauliza mwaka unakwisha lini.

Mwaka ulikwisha. René aliweka kontra yake juu ya meza, kidole chake kwenye tarehe. Feruzi alimwomba aongeze mwaka mwingine, wakakubaliana, wakaenda ofisini, ikaandikwa upya mpaka mwezi wa tisa wa sitini na nne. Zacharie aliwangoja mlangoni.

"Kaka, na mimi?"

"Weye nini?"

"Mwaka imekwisha."

"Mwaka gani? Kwa ndugu kuna mwaka?" Feruzi akamshika bega. "Tutakwenda pamoja, mimi na weye, nimuone shemeji Florentine na mutoto. Tumalize kwanza mbao ya shule."

Mbao za shule zilikwisha, zikaja za kanisa. Za kanisa zikakwisha, zikaja za majeneza, maana mwaka ule watu waliuawa sana barabarani. Zacharie hakugombana. Alijua kugombana na patron, kila mtu anajua. Kugombana na kaka aliyekula damu yako unaanzia wapi?

Mwezi wa nane wa sitini na nne waasi walioitwa Simba waliingia mjini. Walitafuta wageni, wakisema wageni wametumwa kuwapeleleza. Kwenye ofisi ya kazi walikuta kitabu, na ndani ya kitabu jina la René, nchi yake, picha yake. Wakaja nyumbani na kitabu mkononi.

"Na huyu?" mmoja akauliza, akimnyooshea Zacharie mkuki.

"Mutoto wa baba yangu," Feruzi akasema.

Wakamwacha. René wakampeleka gerezani pamoja na wageni wengine.

Usiku haujaingia, Feruzi alimwambia Zacharie mbele ya watu wote wa nyumba: "Umeona? Kontra imemupeleka rafiki yako gerezani. Chale imekulinda." Kila siku ya pili Zacharie alibeba lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo kwenda mlango wa gereza, na Mama Hadidja ndiye aliyetwanga ndizi zile. "Siku zile hata mimi niliamini mume wangu ana akili kuliko serikali," aliniambia. "Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu."

Miezi mitatu na zaidi. Kisha ndege zikaja, askari wakarudi mjini, na watu wengi walikufa ambao sitawahesabu hapa. René alitoka gerezani mzima, mbavu nje. Uwanja wa ndege ulianza kuondoa wageni. Kwa wafanyakazi waliotoka nchi jirani ilitangazwa hivi: yeyote aliyeandikwa kwenye kitabu, mwajiri wake aje athibitishe na atie sahihi, atapelekwa kwa ndege mpaka Léo, mji mkuu, na kutoka pale kwa meli ya mto Ubangi mpaka kwao. Siku tatu tu.

René alikuja kumwambia Zacharie uani.

"Kesho saa mbili asubuhi. Patron lazima aje. Mutu mwenye kukuleta ndiye peke yake anaweza kusema kama weye si wa hapa."

Zacharie aliingia ndani, akapiga magoti mbele ya Feruzi. "Kaka, sema tu neno moja. Sema mimi ni mugeni uliyeniita kwa kazi."

"Inuka," Feruzi akasema. "Nitasema."

Na alitaka kusema, Mama Hadidja hakumnyima haki hiyo. Asubuhi alivaa kanzu safi. Hadidja akawafuata, kwa sababu wiki zile mwanaume aliyetembea na mke wake alisimamishwa na askari mara chache.

Meza ilikuwa imewekwa nje, barazani pa ofisi. Kapiteni aliketi, Wenceslas pembeni yake na kile kitabu walichokiacha Simba, amekonda, shati lake halina vifungo viwili. René akaitwa kwanza.

"Ni weye ulimuajiri?"

"Ni mimi," Feruzi akajibu.

"Kontra?"

René akaitoa. Gerezani aliificha ndani ya soli ya kiatu, ilinuka. Feruzi akatia sahihi. Haikufika dakika mbili.

"Mwingine."

Zacharie akasogea. Wenceslas alitafuta ukurasa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akasoma ule mstari bila kuinua macho: Zakaria, mtoto wa Assumani, mzaliwa wa Kabondo, msaidizi wa familia.

Kapiteni akamtazama Zacharie kutoka miguu mpaka kichwa. "Tangu juzi vijana ya hapa wote wamekuwa wageni," akasema. "Jana walikuwa na Simba, leo wanataka ndege."

"Mimi ni mutu wa Bangassou," Zacharie akasema. "Muke wangu anaitwa Florentine. Niulizeni jina ya padri wetu, jina ya soko." Akaanza kusema Kisango, lugha ya kwao, haraka haraka.

"Hata mabaharia wetu wanajua Kisango."

"Kapiteni, tulikuja naye pamoja," René akasema.

"Weye umeandikwa. Nyamaza, usifutwe." Kapiteni akamgeukia Feruzi, na sasa alisema taratibu, bila hasira. "Papa, ni mambo mepesi. Kama ni ndugu yako, arudi nyumbani. Kama ni mugeni, weye uliandika uongo kwa serikali, na ukamuficha mutu bila karatasi wakati wote wa waasi. Utakwenda kutueleza kambini. Chagua."

Waliokwenda kueleza kambini wiki ile, hakuna nyumba iliyokuwa imewaona tena.

"Karani, mustari huu ni weye uliandika?"

"Niliandika nilichoambiwa," Wenceslas akasema, na kalamu yake ikaanguka chini, akachelewa sana kuiokota.

Zacharie hakumwomba Feruzi tena. Alimtazama tu, kama mtu wa shimoni anavyomtazama aliye juu, akingoja msumeno uvutwe.

"Ni ndugu yangu," Feruzi akasema. "Tulichanjiana. Nikimukana nitakufa."

Mama Hadidja aliacha mchele aliposimulia neno hili. "Alisema atakufa, na alisema kweli," aliniambia. "Lakini mume wangu siku ile hakuwa anaogopa tumbo kuvimba. Aliificha hofu ya kambi nyuma ya chale, na mimi niliona."

Kapiteni naye labda aliona kitu, maana alimtazama Hadidja. "Mama, huyu ni shemeji yako?"

Hadidja alikuwa na watoto watano nyumbani. Alitazama miguu ya Feruzi. Kama angesema hapana, angerudi nyumbani peke yake.

"Ndiyo," akasema. "Ni shemeji yangu."

"Mwingine," kapiteni akasema.

Lori la uwanja wa ndege lilikuwa linanguruma upande wa pili wa barabara. René alipanda, akashuka tena, akamfuata Zacharie.

"Nimuambie nini Florentine?"

"Muambie nimepata ndugu."

"Usicheze. Nitamuambia uko muzima, unakuja."

"Usimuambie hivyo," Zacharie akasema. "Muke wa mutu muzima anangoja. Muke wa mufu anaolewa. Élise anahitaji baba wa kumubeba."

"Sitasema uongo wa namna hiyo."

"Mbona mimi ninaishi ndani ya uongo, René? Beba huu moja tu."

Askari akapiga ubavu wa lori. René akamshika Zacharie shingoni, paji la uso kwa paji la uso, kisha akapanda. Hakuna aliyejua kama atasema alivyoombwa.

Walirudi Kabondo watatu, Feruzi mbele, Zacharie nyuma yake, Hadidja nyuma ya wote. Barabara ya Banalia ilikuwa bado mikononi mwa waasi. Kwa miguu mtu asingefika hata kwenye mto wa Banalia. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje, kwa hiyo Hadidja alipakua mapema, samaki na wali, sahani moja kwa wanaume wawili kama siku zote.

"Ndugu, karibu chakula," Feruzi akasema.

Zacharie alikuja, lakini hakuketi mkekani. Alisimama karibu na mlango.

"Njia ikifunguka nitakupeleka mwenyewe," Feruzi akasema. "Wallahi. Mpaka Bangassou, mpaka mulangoni pa shemeji."

"Ndiyo, patron."

Mkono wa Feruzi ukasimama juu ya wali. "Unamuita nani hivyo?"

"Patron, naomba chakula yangu kwa sahani yangu. Nitakula uani."

Feruzi alimtazama mke wake ili aseme neno. Hadidja akainuka, akaleta sahani nyingine, akapakua. Zacharie aliipokea kwa mikono miwili, na akasema, "Aksanti, Mama patron." Miaka miwili alikuwa amemwita shemeji. Leo asubuhi Hadidja mwenyewe ndiye aliyelitumia neno hilo, mbele ya kapiteni, na sasa halikuwa tena na mtu wa kulisema.

Zacharie alikula chote. Aliosha sahani, akaiinamisha juu ya jiwe, akalala kwenye chumba cha uani kilichoachwa na René. Hadidja alisikia kitanda kikilia mara moja, basi. Watoto walikuwa wamelala tayari. Feruzi aligeukageuka kidogo, akasema, "Nitampeleka," kisha akaanza kukoroma.

Hadidja alibaki amefungua macho. Alingoja Zacharie alie kule uani, kwa sababu angelia, yeye angepata sababu ya kuinuka na kumpelekea maji, na kumwambia lile neno la kweli alilolikosa asubuhi mbele ya kapiteni. Lakini kule kulikuwa kimya, pumzi tu za mtu aliyechoka. Mvua ikaanza kugonga bati. Alijiambia kwamba mtu aliyefanya alichofanya yeye hapaswi kupata usingizi. Alijiambia mara ya pili, na katikati ya maneno hayo akalala.